Risasi Aliyoichagua Mdogo Wangu

Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba umeanza tena kukaa nje asubuhi na kuwapigia majirani stori zako za ulinzi. Nimefurahi kusikia mdomo bado mzima. Mimi sijambo, bado niko ghala la silaha la kampuni, nagawa bastola dirishani asubuhi na kuzipokea jioni.

Kitinda mimba wako ameumia mkono wa kulia. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Utaratibu wangu unaujua. Mlinzi akifika dirishani hunisomea kwa sauti maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, kisha yale ya kwenye kitako cha risasi. Yasipolingana, hapewi kitu. Walinzi wenzake mdogo wangu walisoma bila ubishi. Yeye alikuwa akicheka, akisema baba yetu alibeba bastola maisha yake yote bila kusoma chochote: risasi ikizama yenyewe mtutuni bila kusukumwa, basi ni ya bastola hiyo. Nilimgombeza mbele ya watu. Akanijibu kwamba nina wivu tu, kwa kuwa ufundi wako ulimrithisha yeye.

Jumanne walikwenda kulenga shabaha. Mkufunzi, kwa uvivu wake, alikuwa amechanganya risasi za bastola za aina mbili kwenye beseni moja, kila mtu ajichagulie. Mwanao akaokota fupi kidogo kuliko inayotakiwa. Ilizama yenyewe, akaridhika. Alipofyatua, mlio ukatoka hafifu, na kwenye shabaha hapakuwa na tundu. Mkufunzi akapiga kelele waache wote, kwa sababu mlio wa namna hiyo maana yake risasi huenda imekwama ndani, na bastola haifyatuliwi tena mpaka itolewe risasi zote na mtutu ukaguliwe. Mwanao hakuacha. Alikumbuka somo lako la pili, kwamba risasi ikigoma, ipelekee mwenzake iisukume.

Alipofyatua ya pili, mtutu ulipasukia mkononi mwake. Vidole vitatu vimekwenda, na gumba halikunjiki. Kampuni imemwachisha kazi akiwa bado kitandani.

Alinisihi huku analia nisikuambie. Anasema ukijua, uchungu utakumaliza, kwa hiyo tuseme alibanwa na mlango wa gari. Nikamwahidi. Ahadi hiyo nimeivunja hapa kwa makusudi na sina hata chembe ya majuto. Nimechoka kumfuta yeye machozi wakati wewe unachekesha majirani.

Anarudi nyumbani Jumamosi. Atakuambia ni mlango. Utampa pole, baba, utamfunga vifungo vya shati kila asubuhi, na hutathubutu kumwonyesha kwamba unajua.

Nisalimie sana mama. Yeye anaamini ni mlango.

Ni mimi,
Binti yako mkubwa