Kiti cha Kaveke Ndani ya Ndege

Jumamosi, 22 Novemba

Kaveke amekaa! Amekaa kweli — si kuegemezwa na mito kwa sofa, si mimi kumshika kwapani. Wangechi wa nyumba ya pili ameleta kile kiti cha gari cha kijana wake, kijana ameshakua hakimtoshi. Dada yake alikituma kutoka Amerika. Nikamfunga mikanda ya mabegani, nikafunga ya katikati, nikarudi nyuma nikingoja kichwa kianguke. Wapi! Kikayumba, kikatulia. Akatuangalia. Miaka mitatu na nusu huyu mtoto anajua dari ya nyumba yangu kuliko sura yangu. Leo ameona paka akipita, akacheka mpaka mate.

Baba yake amepiga baadaye. Mutisya hatapata likizo ya Krismasi, kampuni yao bado inachimba visima huko Lodwar. Kwa hivyo sisi ndio twende. Hajamwona Kaveke tangu Pasaka. Barabara — hapana. Safari yote hiyo ya mashimo, na huo mgongo? Ndege.

Kuhusu kiti sijamwambia. Aone na macho yake.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimepigia ofisi ya ndege kabla sijafungua saluni. Amepokea mtu anaitwa Perez, mpole. Mtoto akishapita miaka miwili hapakatwi, anakaa kiti chake na kufunga mkanda. Halafu akauliza kama mtoto anaweza kukaa mwenyewe.

Hilo swali! Nimeulizwa kliniki, kanisani, na wakwe. Nikasema: anakaa, ana kiti chake. Mara ya kwanza maishani kulijibu hivyo.

Perez akasema kiti cha gari kinakubaliwa kikiwa na maandishi kwamba kimepitishwa kutumika ndani ya ndege, na kiwe chembamba cha kuingia kati ya mikono ya kiti cha ndege. Kinawekwa dirishani, kisizuie watu njia. Nikakipindua hapo hapo, simu begani. Vumbi, vipande vya biskuti — halafu stika, maandishi mekundu. Kwa magari NA ndege! Nikapiga kigelegele peke yangu jikoni. Perez akauliza, mama, uko sawa? Niko sawa kabisa!

Jumatano, 26 Novemba

Thika, kliniki. Gachanja, yule wa mazoezi, alisema tuje na kiti akione. Nimekibeba kichwani kutoka steji na Kaveke mgongoni. Watu wameangalia. Mmoja akaniuliza nauza pesa ngapi.

Gachanja amemkalisha, amemsukuma kidogo huku na huku, amemwita kwa jina kila upande. Anageuka! Polepole, lakini anageuka. Amenionyesha kukunja taulo mbili na kuziweka mbavuni asilale upande mmoja. Kumbe mazoezi ya mwaka mzima yalikuwa yanaingia mwilini na mimi nadhani yanapotea. Akasema mama, hii shingo umeijenga wewe, mimi nilikuonyesha tu.

Nimelia chooni kidogo. Kulia kuzuri.

Jumapili, 30 Novemba

Susu amekuja kutoka Ngoliba baada ya kanisa. Mama yake Mutisya, nyanya ya Kaveke. Kaveke amepewa jina lake. Ameleta maembe na maneno.

Aliona kiti akasimama mlangoni. "Mama Kaveke, unamfunga mtoto kama mzigo?"

Nikamweleza ndege, mkanda, sheria. Akasema watoto wote aliozaa yeye aliwabeba, hakuna aliyefungwa. Mtoto ni wa mikononi. Nikasema mama, kule angani ndege ikirukaruka mikono yangu haitoshi. Halafu akatoa lile la ndani: watu watamwangalia. Umfunike na shuka, umpakate, apite tu kama amelala.

Aiya! Nikamwambia: mama, nakuheshimu, lakini simfuniki tena. Wamwangalie. Na yeye atawaangalia.

Tukakaa hivyo, kila mtu na kikombe chake. Uji wa Kaveke ukawa tayari. Susu akasema leta nimlishe, alivyozoea, amlaze pajani. Sikumtoa kwenye kiti. Nikasogeza kigoda mbele ya Kaveke nikampa Susu bakuli.

Akakaa. Kijiko cha kwanza, cha pili. Kaveke hakupaliwa hata mara moja. Halafu akaacha kumeza, akamkazia Susu macho — uso kwa uso, usawa mmoja. Akashika kitambaa cha kichwa cha Susu akavuta. Susu akabaki na kijiko hewani.

"Kumbe ana macho ya baba yangu," akasema. Polepole sana.

Nilienda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Niliporudi alikuwa ameita mama Githae kutoka ploti ya nyuma, anamwambia njoo uone jina langu limekaa!

Jumatano, 3 Desemba

Nimefua kitambaa cha kiti. Mvua! Hakikauki. Nimekipiga pasi mpaka kimenuka. Wangechi atatupeleka uwanjani na gari yake. Sijawahi kupanda ndege mimi mwenyewe.

Ijumaa, 5 Desemba

Naandika haraka, mwandiko mbaya. Tumetua. Wamesema tungoje wengine washuke.

Kaunta ya uwanja kulikuwa na shida. Msichana akasema kiti kiende na mizigo, mimi nimpakate. Nikasema mtoto amepita miaka. Akasema, madam, ni safari fupi. Nikasema ofisi yenu ilinikubalia. Akasema hakuambiwa. Nyuma yangu foleni inaguna. Zamani ningesema sawa, pole, ningetoka pembeni. Leo nimepindua kiti juu ya kaunta yake, maandishi mekundu juu, nikasema soma. Nasubiri.

Akamwita mkubwa wake, Odhiambo. Alisoma stika yote, akapima upana kwa shubiri. Akamuuliza Kaveke, unaenda wapi? Kaveke akasema "Ba". Odhiambo akasema basi huyo ni abiria, mpe dirisha.

Ndani, kiti kikakataa kuingia. Mungu wangu! Mhudumu akainua ule mkono wa katikati, tukasukuma, kikaingia — kaa! Mkanda wa ndege tukaupitisha nyuma, nikakalia ukingo nikivuta mpaka kikakaza. Mzee mmoja akasema tunachelewesha watu. Nikamwambia baba, tunafunga mkanda kama wewe.

Ndege ilipokimbia nilifunga macho. Kaveke akapiga kelele. Nikafungua nikidhani analia. Anacheka! Kichwa juu, kimegeukia dirisha, mawingu usoni kwake.

Halafu wakaleta juisi. Nikapokea kikombe, nikagundua nimekishika na mikono miwili. Miwili! Sikujua niweke wapi hiyo mikono. Tangu azaliwe mmoja umekuwa chini ya hicho kichwa. Nilikunywa juisi yote taratibu, kama mtu tajiri, na binti yangu kando yangu amekaa anaangalia nchi.

Sasa tumebaki sisi. Naona dirishani — joto linacheza juu ya lami, ua wa waya, pikapu. Mutisya! Amekonda. Ametandika godoro nyuma ya pikapu, anapanga mito. Amezoea hivyo, amlaze. Anaipiga piga iwe laini, masikini.

Mhudumu ameuliza anishikie mtoto nibebe kiti? Nimemwambia hapana, kiti kwanza. Ukiweke pale chini, mwisho wa ngazi, kielekee kwa yule mwanaume. Mimi nitamleta nimkalishe.

Ameshuka nacho. Mutisya amekiona. Ameacha mito, ameshika waya, anakiangalia kiti kitupu, anatuangalia huku juu. Haelewi.

Kaveke, njoo mama. Inua shingo. Sasa —