Nilimtafsiria Babu Uongo

Bi Cadija, shikamoo. Naomba unisaidie kama unavyowasaidia wengine wanaokuandikia, hili sijamwambia mtu, hata mama hajui: nimemdanganya babu yangu mbele ya daktari, na daktari hakugundua, kwa sababu aliyejua lugha zote mbili mle ndani ni mimi peke yangu.

Babu aliumwa mgongo mpaka akawa hawezi kusujudu, tukampeleka hospitali Pemba, hii ya kwetu Msumbiji, na yule doutor ni mtu wa Maputo, Kiswahili hajui, basi kwa kuwa nasoma Kireno shuleni nikawekwa katikati. Akasema ni saratani ya tezi dume, imeshafika kwenye mifupa, kuisha haiishi lakini huzuilika, kwa sindano zinazozima homoni za kiume maana ndizo zinazoilisha, na wapo wanaoishi miaka. Babu akanigeukia. "Mume mwenzangu, kasema nini?" Ndivyo anavyoniita, eti tunamgombea bibi. Nikaona haya, nikamwambia ni uzee wa mgongo, na sindano ni ya nguvu.

Akachomwa, mgongo ukatulia, tukarudi nyumbani Mocímboa akijigamba barazani na kumwambia bibi ajiandae. Sasa linamtoka jasho la ghafla, na nguvu haikuja, hata ile ya zamani imeondoka, anasema daktari tapeli, sindano ya pili haendi, nayo ni wiki ijayo. Nami najiuliza, ugonjwa wa huku chini unafikaje mgongoni? Dawa isiyogusa mfupa inaupozaje? Na miaka yenyewe ni mingapi? Nikisema kweli hofu haitamuua? Nasikia makubadhi yake mlangoni, naficha

*

Mwanangu, pole, kisha nikugombeze. Waliokuweka katikati walikukosea, kazi ile ni ya mtu mzima. Lakini hiyo "nguvu" uliitunga mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Babu yako hakuficha kitu, umemfichia wewe.

Maswali yako nimemfikishia muuguzi. Saratani husafiri kwa damu, na hata ikikaa mgongoni bado ni ya tezi dume, inataka chakula kile kile. Sindano ikikikata, mgongo hupoa. Jasho na kuishiwa nguvu ni kazi ya dawa, si utapeli. Miaka hakuna awezaye kukuhesabia: wengine michache, wengine mingi. Akiacha sindano, ugonjwa huamka.

Uone haya ya nini? Angekuwa baba yako ningekwambia umtafute shemeji yake akusemee. Huyu ni babu, mtani wako, na utani tuliwekewa ili nyumbani awepo mtu wa kutaja yasiyotajika. Mwambie, "Mume mwenzangu, nilikuonea wivu nikakudanganya." Acheke, kisha umweleze yote, na neno saratani ulitamke. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukiziba, msingoje tarehe, hospitali siku hiyo hiyo.

Wiki ijayo nendeni na mjomba wako, awepo mtu mzima. Analosema daktari lifikishe kama lilivyo, usiloelewa uliza. Babu akijua yote akakataa, ni hiari yake. Akikataa kwa uongo wako, hiyo si hiari. Mwambie leo.