Kuku Wangu Hawakosi Chokaa

Jumapili, saa tisa mchana, hapa Busia. Mvua imeanza tulipofika tu kutoka kanisani na inapiga bati hata redio haisikiki. Afadhali. Sina hamu ya kusikia kitu.

Leo meza ya Bwana ilipoandaliwa sikusimama. Nilibaki kwenye benchi kama mtu anayeumwa miguu. Mke wa mchungaji aliniangalia, nikajifanya natafuta leso ndani ya mkoba. Tangu niolewe huku kutoka Nagongera, ng'ambo ya mpaka, sijawahi kukosa kikombe hicho.

Acha nieleze kutoka mwanzo.

Mimi nafuga kuku wa mayai. Wakati naanza, mayai yao yalikuwa na ganda laini, yanapasuka hata kabla sijavuka mpaka kuwapelekea wateja wangu wa upande wa Uganda. Nikamwita mtu wa mifugo. Alichukua yai moja, akalibonyeza, kidole kikaingia ndani. Akaniambia kuku akikosa kalsiamu kwenye chakula haachi kutaga. Anaitoa kwenye mifupa yake mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka siku moja miguu inamwishia anakaa chini.

Nilimhurumia sana huyo kuku. Wiki hiyo hiyo niliagiza chokaa ya kuku kutoka Tororo, nikachanganya na omena, dagaa wakavu, kwenye chakula chao. Hazikupita wiki nyingi mayai yakawa na ganda la kugonga mara mbili ndipo livunjike.

Somo nililielewa. Nililielewa kwa kuku tu.

Mama mkwe wangu amezaa watoto tisa na amewanyonyesha wote. Mume wangu, Baba Neema, ni dereva wa lori na mara nyingi yuko safarini, kwa hiyo nyumbani ni mimi, mama na watoto. Mwaka huu rinda la mama la kanisani lilianza kuburuta chini. Nikalipinda kwa sindano, nikasema kitambaa kimelegea. Kumbe ni yeye aliyekuwa anapungua urefu. Mgongo ukainama. Akawa anasema vidole vinamfanya kama vinatembelewa na sisimizi, na shavu la mguu linakaza mpaka anauma shuka. Nilimchua kwa mafuta, nikamwombea, nikasema ni uzee. Ukishakiita kitu uzee, unakiacha hapo.

Na chakula? Meno yake yamebaki ya kuhesabu, basi nilikuwa nampa turungi, chai isiyo na maziwa, na muhogo wa kuchemsha, jioni ugali na mchuzi wa kabichi. Maziwa niliona ni ya watoto.

Sasa hapa ndipo panaponichoma.

Siku moja wanawake wawili walikuja kununua mayai. Tukamkuta mama ameinama kwenye gunia la chakula cha kuku, anachagua omena, anapeperusha mchanga kwa mdomo na kutafuna. Niliona aibu mbele za watu. Badala ya kumwambia mama njoo nikupikie, nilisema kwa sauti, "Mama, kwani na wewe unataga?"

Wale wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mama naye alicheka. Alirudisha omena zilizobaki mkononi, moja moja, akapangusa vidole kwenye kanga yake akaenda kukaa.

Sijamwona tena karibu na gunia lile.

Alhamisi iliyopita alikuwa anaketi kwenye kigoda, kikateleza kidogo. Aliweka mkono chini kujizuia, basi. Si kuanguka kwa kusema ameanguka. Nilisikia mfupa ukilia kama kijiti kikavu.

Hospitalini daktari kijana alitazama picha za mkono na mgongo, akatuonyesha. Mifupa ya mama imekuwa myepesi, ina matundu kama mkate. Pingili mbili za mgongo zimebonyea zenyewe, na hakuna aliyejua. Alisema hali hii haikuanza jana: umri upo, uzazi upo, na chakula kipo. Kisha akauliza, "Bibi, huwa unakula nini? Maziwa unapata? Samaki wadogo?"

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Nakula vizuri, mwanangu. Huyu mke wa kijana wangu ananipa maziwa kila siku. Samaki ndiyo usiulize, mpaka nimechoka."

Daktari akaandika. Akasema kama ni hivyo, basi chakula si shida, pengine mwili wenyewe haushiki kalsiamu. Vidonge vya kuiongeza tusubiri kwanza. Jumatatu turudi kupima figo na mambo mengine.

Nami nilikuwa nimesimama pale, nimeshika mkoba, nikanyamaza.

Siku tatu nimenyamaza. Siku tatu mama hapati dawa inayomfaa kwa sababu kitabu chake cha hospitali kina maziwa ambayo hajayanywa. Na ndani ya moyo wangu, Mungu anisamehe, nilikuwa namshukuru kwa kunifunika. Nilisema huo ndio upendo wa kweli, mtu kukusitiri mbele ya mgeni.

Leo baada ya kanisa nilimwogesha, maana mkono wa kulia uko kwenye plasta. Nilipiga magoti kando ya beseni, nikaona heri niseme sasa. "Mama, ulinifunika mbele ya daktari. Lakini nimekukosea, na kwa yale maneno ya kutaga nimekukosea zaidi. Nisamehe."

Aliusogeza mkono wenye plasta usilowe.

"Mama Neema, sikukufunika."

"Sasa ulisema maziwa..."

"Mkono ni huu, umefungwa. Mwanangu yuko barabarani. Nikikuaibisha pale kwa daktari, narudi nyumbani na nani? Nani ataniogesha?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Kisha akainamisha kichwa nimmwagie. "Endelea, maji yanapoa."

Kumbe alikuwa ananiogopa.

Katika nyumba ambayo tunaomba asubuhi na jioni, mama mzima amekaa akipima maneno yake ili nisimwache mchafu. Mifupa yake ilikuwa inaisha na hakuthubutu kuniomba kikombe cha maziwa.

Baba Neema amepiga simu. Amekwama kwenye foleni ya malori mpakani Malaba, karatasi zake zinapita kesho jioni. Sitamngoja. Kesho asubuhi tukifika tu, kabla hawajamtoa mama damu, nitamwambia daktari alichokuwa anakula, chote, na kwamba ni mimi niliyekuwa napakua. Akikasirika akasirike. Baba Neema naye akifika nyumbani nitamwambia maneno hayo hayo, mama akiwa amekaa hapo anasikia, ajue hakuna anachopaswa kunilindia.

Leo nimempikia omena, nikampa na maziwa. Amekula zote. Kila tonge alikuwa akiinua macho kuniangalia, kama anauliza iwapo aachie hapo.

Mkono daktari amesema ni wiki sita. Hili lingine, la kuniogopa, sijui litachukua muda gani, wala nimuulize nani.