Ekstensheni ya Jiko la Zamani

Mlola

Mwanangu Modesta,

Ukungu haujainuka tangu Jumapili, na maharage yameanza kuoza shambani. Sisi wazima.

Umeuliza ununue ekstensheni gani ya umeme. Hizi nyeupe ni za sebuleni. Tulipokosana na baba yako akahamia jiko la zamani, niliunganisha mbili zimfikie, nikidhani hasira zitapoa kesho yake. Sasa zimepasuka kwa baridi na jua, na pale zilipoungana, katikati ya ua, maji yanaingia. Juzi kuku alipigwa shoti akafa papo hapo.

Mvua ikianza tu, natoka na mfuko wa mbolea kufunika hapo penye maungio. Naye anatoka na wa kwake. Tunainama pamoja. Jana akasema, "Umelowa, mama Modesta." Hajanisemesha lingine tangu Pasaka.

Fundi anasema ya nje ni ile nyeusi ya mpira, nene, ndefu, isiyoungwa popote. Nunua hiyo, mwanangu, umeme hauchezewi. Mvua ikinyesha tena, itabidi nitoke bila kisingizio.

Mama yako,
Evelina