Lugha Niliyojifanya Siijui

Jumamosi, mwezi wa pili. Mvua tangu alfajiri. Rehema amelala, ndiyo maana leo nina mikono miwili ya kuandikia.

Nisameheni kwa kukaa kimya tangu Idi. Wengine mmeuliza kama nimeshasahau kwetu, mwingine kauliza kama mtandao wa huku Msumbiji umekufa. Haujakufa. Unakwenda kwa kusuasua, lakini upo, na meneja ananiachia kompyuta ya ofisini kila Jumamosi.

Nilinyamaza kwa aibu.

Kwa ambaye hajawahi kupita hapa: mimi ni fundi wa kubebesha mikorosho. Unachukua mche ulioota kwa mbegu, unaukata kichwa, unaupachika kikonyo, yaani kitawi kichanga, kutoka mti mama unaozaa vizuri, unafunga kwa nailoni, unaomba Mungu vishikane. Kazi hii nilijifunza Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa korosho, baada ya kidato cha nne. Mwaka jana shamba moja huku ng'ambo ya Ruvuma lilitafuta fundi kutoka nje, nikapata. Baba Rehema akabaki na kazi yake bandarini Mtwara, mimi nikavuka na mtoto anayenyonya.

Siku ya usaili meneja, ambaye kwao ni kusini kabisa ya nchi hii, aliniuliza najua lugha gani. Nikasema Kiswahili, na Kiingereza cha shule.

Kimakonde sikukitaja.

Mama yangu ni Mmakonde wa Newala. Kimakonde ndicho alichonibembelezea. Lakini nilikulia mjini, Magomeni, na shuleni ukiteleza neno moja la nyumbani ulichekwa mpaka kengele ya mwisho. Nikazoea kuficha. Na hapa niliona kuficha kunalipa: fundi wa nje ana nyumba ya bati, anaitwa sinyora, kama mabibi wa Kireno. Akina mama wa kitaluni ni Wamakonde. Niliogopa kwamba wakijua bibi yangu na bibi zao wangeelewana bila mkalimani, ugeni wangu utapungua thamani.

Basi nikawa naelekeza kwa Kiswahili, na Mama Veronika anatafsiri. Huyu ni mtu mzima, alikimbilia Mtwara utotoni wakati wa vita, Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Alitafsiri huku Rehema yuko mgongoni kwake. Hakuna aliyemwomba ambebe. Siku ya kwanza tu alisema, "Lete huyo, utamkata na kisu," akamchukua.

Mimi nilikuwa nimekaa palepale, naelewa mara mbili.

Niliwasikia wakinisema. Kwamba natembea kama nimemeza mwiko. Kwamba mume wangu lazima ni mpole. Nikawa nacheka moyoni. Tena niliwasikia watatu wakipanga kwenda nyumbani na vikonyo vinavyobaki jioni, wabebeshe mikorosho yao iliyozeeka. Vikonyo vile vikilala siku mbili tatu vinanyauka, tunavitupa. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote pale.

Halafu kukawa na kikao ofisini, meneja akauliza kwa nini vikonyo havitoshi. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyekata vichache. Nikasema wapo wanaokwenda navyo kwao.

Nikataja na majina.

Kesho yake meneja akawaachisha kazi wale watatu. Sasa sikilizeni alichofanya baadaye. Alidhani habari nimepewa na mkalimani wangu, maana mimi ningejuaje? Akamsimamisha Mama Veronika mbele ya kitalu kizima, akamshukuru kwa uaminifu wake.

Mama Veronika akabaki ameduwaa. Mimi nikaangalia miche.

Tangu siku ile wenzake hawakumkaribisha tena kwenye sahani. Pale mchana watu hula pamoja, ugali wa muhogo mmoja, mboga moja. Yeye akawa anakula peke yake nyuma ya tangi la maji, na mwanangu mgongoni. Aliniuliza mara moja tu, kwa upole: "Mwanangu, yale maneno ya vikonyo, mimi sikukwambia. Nani kakwambia?"

Nikamjibu, "Sikumbuki, mama."

Nilirudi nyumbani nikamnyonyesha Rehema, maziwa hayakutaka kushuka.

Jana ndiyo yakafika mwisho. Mama Veronika alikuwa anatafsiri maelekezo yangu ya kufunga nailoni, dada mmoja akamkatiza kwa Kimakonde: "Hayo ya nailoni tumeyasikia. Tuambie na ya leo utakayompelekea mzungu wako mweusi kule ofisini." Wakaangua kicheko. Mama Veronika akanigeukia ili anitafsirie. Hata tusi lake alitaka kunitafsiria, alivyo mwaminifu.

Nikajikuta nimesimama. Nikasema kwa Kimakonde, kwa sauti, kwamba mama huyu hajasema kitu. Nimesikia mwenyewe. Nimesema mwenyewe. Na vikonyo vilipungua kwa sababu yangu.

Yule dada akapiga makofi. "Haya! Kumbe sinyora ana mdomo! Tena Kimakonde cha Newala, kama bibi kizee!" Wengine wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakaiga ninavyovuta maneno. Nilistahili. Kilichoniuma ni kwamba Mama Veronika hakucheka. Alifungua kanga taratibu, akanikabidhi Rehema, akaenda kukaa na wenzake. Wakasogea, wakampa nafasi.

Leo asubuhi nimepita kwake, nimeambiwa amelala. Nilimsikia anakohoa ndani.

Sikugonga tena. Ana haki ya kulala.

Jumatatu nakwenda kwa meneja, kabla hajafika mtu wa kumwambia. Nitamwambia vikonyo vilikuwa vya kutupwa, na hesabu niliikosea mimi. Wale watatu warudi. Akiona anifukuze mimi, anifukuze, nitavuka mto nirudi na mwanangu. Je, nitaweza kusema bila sauti kukatika? Sijui. Nitasema hivyo hivyo.

Da Zuhura, najua unasoma hapa. Usinipigie kunipa pole, sitaki pole. Yupo jirani yetu huku anayerudi kwa kivuko cha Kilambo Jumatano, mpe hivi:

Visu vitatu vya kubebeshea, vipya. Ni vya wale niliowataja, warudi kazini au wasirudi.

Nailoni ya kufungia, roli mbili, ili wabebeshe mikorosho ya kwao. Nitawafundisha mwenyewe, kwa lugha yao.

Kanga doti moja kwa Mama Veronika. Chagua rangi nzuri, ila usihangaike kutafuta yenye maneno ya kuomba radhi. Hayo nitayasema kwa mdomo wangu.

Dawa ya kikohozi ya mtu mzima.

Na mbeleko. Yoyote, hata iliyochakaa. Sina, sikuwahi kuihitaji huku.