Shuka Juu ya Maua

Mama, shikamoo. Nimewahi zamu kazini, kule Maplewood. Uji umo kwenye chupa ya chai, unywe ungali moto.

Asubuhi nimekukosea. Huku ughaibuni, baridi ikizidi usiku, tunafunika maua kwa shuka yasiungue, nami sikukwambia. Wewe jana jioni ukadhani nimesahau nguo nje, ukazianua, ukazikunja vizuri. Nikakupandishia sauti mbele ya mjukuu wako, eti umeniulia bustani!

Yamebaki yale ya njano chini ya dirisha. ~~Usiyaguse.~~ Yachume ukipenda. Au vaa koti langu zito ukae nayo nje, kabla theluji haijaanguka. Niliyapanda siku uliyosema utakuja. Yalikuwa yako tangu mwanzo.

Mwanao mkorofi,
Haika