Punje ya Wimbi na Punje ya Mbaazi

Mpwa wangu Mutheu,

Tangu uende kazi Marsabit, ile darubini ya marehemu baba yako uliyoniachia imekaa kwa msumari kando ya yangu. Leo nimezishusha zote mbili. Kuna jambo nataka kukuambia, na wengine wakisoma, wasome.

Unakumbuka vile nilijivunia yangu. Vioo vyekundu, imeandikwa 20x50, yaani inavuta mara ishirini. Ya baba yako imechubuka, 7x50. Nilikuambia ishirini ni ishirini na saba ni saba. Nikakuambia nikiwa hapa Katelembo nilimwona mama mmoja mbali huko sokoni Kithimani akichagua vitunguu, na kile kilichooza nikakijua kabla yake. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Halafu ile jioni. Jua limezama, nikachungulia ng'ambo ya korongo, nikaona kitu kimelala kichakani. Nikapiga yowe, "Chui!" Wanaume wakatoka na pinde zao, mmoja tayari amevuta mshale.

Wewe ukaweka ya baba yako machoni, ukaninong'oneza, "Mjomba, huyo ni ndama wa Mama Kioko, jirani. Kamba yake imenasa kwa mti. Hata kengele naiona."

Nikakunyang'anya, nikatazama. Kwa yangu kulikuwa na weusi wenye masikio. Kwa yako mchana ulikuwa haujaisha. Basi nikapanda juu ya jiwe. "Shusheni mishale! Jicho langu limemjua, ni ndama!" Wakanishangilia. Wewe uliniangalia tu.

Kesho yake ukanifundisha bila kunicheka. "Ishike mbali na uso, Mjomba, ielekeze juu, uangalie kiduara cha mwanga pale unapoweka jicho." Changu kilikuwa punje ya wimbi, ule ulezi wa uji. Chako, punje ya mbaazi. "Kiduara kikiwa kipana, mwanga mwingi unaingia jichoni. Vioo vya mbele vyote ni milimita hamsini. Gawanya kwa ile namba ya kwanza." Mimi niliachia darasa la sita lakini kugawanya najua: yangu mbili na nusu, yako saba na kidogo. Ukasema huo wekundu nao unarudisha mwanga nje. Ila mchana yangu inavuta karibu zaidi, hilo ulikubali, na sijalisahau.

Sasa yule ndama ni ng'ombe, na amezaa. Jana Mama Kioko aliniletea kibuyu cha maziwa.

"Haya ni ya jicho lako, Baba Mumo."

Nilikishika. Nikakirudisha mezani.

"Mama Kioko, jicho lilikuwa la Mutheu. Mimi niliona chui."

"Najua," akasema. "Siku ile nilikuwa nimesimama nyuma yenu."

"Na miaka hii yote unanisifu kanisani?"

"Nilikuwa nangoja useme. Leo nilitaka kuona kama utakunywa."

Akaenda zake.

Kibuyu kiko hapa, sijakifungua. Maziwa yataganda, na ukichelewa nitamwomba akamue mengine mbele yako. Vioo vya baba yako nimevipangusa. Wale wanaume wa mishale nitawaambia Jumapili, kwa sauti ile ile niliyotumia juu ya jiwe.

Kaa salama huko, uje unywe maziwa yako.

Ni mimi mjomba wako,
mwenye punje ya wimbi.